Nani hulipa gharama ya kumfuata Yesu?

Karatasi iliyonigharimu kazi ilikuwa na mistari minne. Ilikuwa hati ya kupokelea bidhaa, na ilisema kwamba mizigo imefika ghalani, imehesabiwa, iko salama. Chini palikuwa na nafasi mbili za saini. Ya kwanza ilikwisha kujazwa. Ya pili ilikuwa yangu. Asubuhi ileile nilikuwa nimekwenda ghalani mwenyewe, mtunza ghala akanifungulia mlango, nikaona sakafu tupu iliyofagiwa vizuri.

Mkuu wangu hakunitisha. Alizungumza nami taratibu, kama kaka anayemwelekeza mdogo wake njia ya mkato: "Weka saini tu, ndugu yangu. Bidhaa ziko njiani. Malipo yakikwama tunaumia wote." Nikamwomba tusubiri mizigo ifike, nitasaini siku hiyohiyo. Akanitazama kidogo, akaichukua karatasi yake, akasema haya. Wiki chache baadaye mkataba wangu ulifika mwisho na haukuongezwa. Hakuna aliyenieleza sababu, nami sikuuliza. Mwenzangu wa meza ya pili aliitia saini ile hati, akakalia kiti changu.

Habari hii nimeitolea ushuhuda mara mbili mbele ya watu, na mara zote mbili sikuisema yote. Ile mara ya kwanza, niliposhuka tu mimbarani, mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza, macho yakimng'aa: "Na Bwana akakufungulia mlango gani, mwanangu?" Alikuwa akingojea mwisho anaoujua, ule ambao mtu akikataa udanganyifu Jumatatu, Ijumaa anaitwa mahali penye mshahara mnono zaidi. Nikamjibu kwamba nilipata kazi nyingine. Akasema Amina kwa sauti. Sikumwambia kwamba kazi hiyo ilikuja baada ya miezi 11, kwamba mshahara wake mpaka leo haujaufikia ule wa kwanza, na kwamba sehemu kubwa ya gharama ile sikuilipa mimi.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niandike.

Mimi ni mhasibu, kwa hiyo Luka 14 imekuwa sura yangu tangu ujana. "Maana ni nani katika ninyi, kama akitaka kujenga mnara, asiyeketi kwanza na kuhesabu gharama, kwamba anavyo vya kuumalizia?" Kwa miaka mingi niliielewa hivi: kabla hujamfuata Yesu, keti, piga hesabu, pima nguvu zako, ukiona zinatosha, anza kujenga. Niliwafundisha vijana hivyo, nikawachorea na mnara ubaoni.

Katika ile miezi isiyo na kazi nilikuwa na muda wa kusoma polepole, nikagundua kwamba siku zote nilikuwa naishia njiani. Baada ya mnara kuna mfalme. Ana watu 10,000, na anayemjia ana 20,000. Hesabu imekataa. Yesu hamwambii akatafute askari wengine 10,000. Anasema mfalme wa namna hiyo hutuma ujumbe wakati yule mwingine yuko mbali bado, akaulize masharti ya amani. Kisha inafuata aya ya 33, ambayo mnara wangu wa ubaoni haukuwahi kuifikia: kila mmoja wenu asiyeacha vyote alivyo navyo hawezi kuwa mwanafunzi wangu. Basi anayehesabu kwa uaminifu hufika mahali penye pengo, kila mara, awe tajiri au fukara. Hana vya kumalizia. Hapo ndipo inampasa aamue kama atakabidhi vyote kwa yule anayeweza kumaliza, au atarudi nyumbani na mawe yake.

Neno letu la Kiswahili linanisaidia hapa: mwanafunzi. Katika Agano Jipya neno hilo limo zaidi ya mara 250, mara nyingi likiwahusu watu wa Yesu, na neno Mkristo limo mara tatu tu. Matendo 11:26 inasema wanafunzi ndio walioitwa Wakristo kwanza hapo Antiokia; walikuwa wanajifunza kwanza, jina likaja baadaye. Na mwanafunzi wa aina hiyo hakuwa mtu wa daftari na kengele ya kwenda nyumbani. Alikuwa kama kijana aliyekabidhiwa kwa fundi, anayekishika chombo jinsi fundi anavyokishika, anayekosea mbele yake, anayelala anapolala. Kwa kijana kama huyo hakuna ada ya kulipa mara moja ikaisha. Luka anaposimulia habari ya kujitwika msalaba anaongeza maneno mawili ambayo Mathayo na Marko hawakuyaandika: "kila siku".

Nilikuwa nimejiandaa kulipa mara moja. Ile siku ya karatasi nilirudi nyumbani nikiwa na moyo mwepesi sana, nikamsimulia mke wangu yote, akanikumbatia. Tulipiga magoti pamoja. Nilihisi nimelipa.

Mke wangu alikuwa mwaka wa pili wa masomo aliyoyangojea kwa muda mrefu. Alikuwa ameyaahirisha alipojifungua mtoto wa kwanza, akayaahirisha tena kwa wa pili, na hatimaye alikuwa anasoma jioni, vitabu mezani watoto wakishalala. Mwezi wa tatu wa mimi kukaa nyumbani, ada ikakosekana. Aliandika barua ya kusimamisha masomo, akaikunja, akaitia kwenye bahasha, wala hakunionyesha mpaka alipokuwa ameshaipeleka. Wiki kadhaa baadaye, usiku, taa ikiwa imezimwa, aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, bila hasira: "Ulikataa wewe, nikaacha shule mimi."

Nilikuwa na aya ya kumjibu. Ilishafika ulimini. Namshukuru Mungu nilinyamaza.

Aya yenyewe ilikuwa palepale Luka 14, aya ya 26, ile ambayo wahubiri wengi huipita kwa haraka: mtu akija kwangu "naye hamchukii baba yake, na mama yake, na mke wake, na wanawe," na ndugu zake, hata na nafsi yake mwenyewe, hawezi kuwa mwanafunzi wangu. Ufafanuzi wa kawaida ni kwamba katika lugha ya Biblia kuchukia kwa namna hii ni kupenda kidogo kuliko, na Mathayo 10:37 inalithibitisha hilo, kwa kuwa pale Yesu anasema juu ya anayempenda baba au mama kuliko yeye. Naukubali ufafanuzi huo. Lakini usiku ule niliona jinsi aya hii inavyoweza kushikwa vibaya, ikawa fimbo mkononi mwa mume. Ningeweza kumwambia mke wangu kwamba Yesu alishasema itakuwa hivi, nikageuka ukutani nikalala. Na Yesu huyohuyo, katika Marko 7, aliwakemea vikali watu waliosema mali yao ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Yesu huyohuyo, akiwa msalabani, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda. Alikuwa analipa gharama kubwa kuliko zote, na bado alimwona mwanamke aliyesimama pale akilipa pamoja naye.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiisoma Injili nikiwatafuta watu wanaolipa bila kuitwa. Wako wengi. Marko 1:20 inasema Yakobo na Yohana walimwacha baba yao Zebedayo chomboni pamoja na watu wa mshahara, wakaenda wakamfuata Yesu. Nimehubiriwa juu ya Yakobo na Yohana mara nyingi. Juu ya Zebedayo sijasikia hata mahubiri mamoja. Mzee yule aliamka asubuhi ana wana wawili na biashara ya kuwarithisha; mchana ana nyavu na vibarua. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alilalamika, wala kwamba alielewa. Mkewe tunamwona baadaye, kwa maana Mathayo anamtaja mama wa wana wa Zebedayo kati ya wanawake waliosimama wakitazama Yesu aliposulubiwa. Nadhani mama huyo alifika huko kwa kuwafuata wanawe, akajikuta amemfuata waliyemfuata.

Na kuna Petro. Tunamjua mama mkwe wake, aliyekuwa kitandani na homa, kwa hiyo tunajua alikuwa na mke. Petro ndiye aliyesema, "Tazama, sisi tumeacha vyote tukakufuata wewe." Neno "sisi" hapo ni la Thenashara, wale mitume kumi na wawili, lakini mimi siku hizi nikilisoma namsikia na mwanamke mmoja asiyetajwa jina, aliyebaki na nyumba na mama aliyetoka kuugua, mvuvi wake akiwa hayupo ziwani. Furaha yangu ni kwamba hadithi yake haikuishia hapo. Paulo anapowaandikia Wakorintho (1 Wakorintho 9:5) anauliza kama yeye hana haki ya kusafiri na mke aliye ndugu katika imani, kama mitume wengine, na ndugu wa Bwana, na Kefa. Kefa ni Petro. Mke wake alikuwa safarini naye. Katikati ya ile siku ya nyavu na barua hii ya Paulo kuna miaka zaidi ya ishirini, na mahali fulani ndani ya miaka hiyo gharama aliyotwishwa ikawa njia anayoitembea mwenyewe. Hatujaandikiwa ilikuwaje. Natamani sana tungeandikiwa.

Wakati mwingine haiwi hivyo. Mwaka 203, huko Karthago, katika Tunisia ya leo, mwanamke aitwaye Perpetua alifungwa kwa ajili ya imani akiwa na umri wa miaka 22 hivi, na mtoto mchanga anayenyonya. Maneno aliyoyaandika gerezani yametufikia. Yale yanayonishika mimi hayahusu wanyama wa uwanjani, yanamhusu baba yake. Alikuja mara kadhaa kumsihi, akambusu mikono, akajitupa miguuni pake, akamwomba azionee huruma mvi zake. Perpetua alikuwa amemwonyesha chombo kilichokuwa pale karibu, akamuuliza kama kinaweza kuitwa kitu kingine zaidi ya hicho kilivyo. Vivyo hivyo yeye hawezi kujiita kitu kingine zaidi ya Mkristo. Baadaye mzee yule alipigwa fimbo kwa amri ya mtawala, mbele ya binti yake, na Perpetua akaandika kwamba liliumiza kana kwamba amepigwa yeye. Hakuificha huzuni yake kwa ajili ya baba. Hakuiita udhaifu wa imani. Na hakugeuka. Akafa uwanjani pamoja na wenzake, akiwamo Felisita, mtumwa aliyejifungua gerezani siku chache kabla.

Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyeupinga utawala wa Hitler, naye hutajwa kila tunapozungumza juu ya gharama ya ufuasi. Watu hukumbuka kwamba mwaka 1939 alikuwa amefika salama New York, akakaa chini ya mwezi mmoja, akarudi Ujerumani kwa sababu aliona hatakuwa na haki ya kushiriki kuujenga upya Ukristo wa watu wake baada ya vita kama hakushiriki mateso yao. Aprili 1943 akakamatwa. Aprili 9, 1945, akanyongwa katika kambi ya Flossenbürg, wiki mbili tu kabla Wamarekani hawajaikomboa kambi ile. Yote hayo ni kweli na yanastahili kukumbukwa. Mimi namkumbuka pia Maria von Wedemeyer, msichana wa miaka 18 aliyekuwa amechumbiana naye miezi mitatu tu kabla ya kukamatwa. Februari 1945, akiwa hajui mchumba wake amehamishiwa wapi, alisafiri peke yake hadi Flossenbürg na mzigo wa nguo za baridi. Hakumkuta. Akaubeba mzigo wake akarudi.

Sisemi haya ili kumfanya mtu aogope kutii. Kama ile karatasi ingeletwa mezani kwangu leo, ningekataa tena, na mke wangu angesema nikatae. Ninachosema ni kwamba ufuasi ni mzito kuliko tunavyoutangaza, na wengi wanaoubeba hawaitwi mbele kushuhudia. Kijana akisimama kanisani akasema ameacha biashara haramu, tumpigie makofi, halafu jioni tukaulize nyumbani kwake watoto wamekula nini.

Na kwa kuwa nimegusa hilo, niseme jambo moja kwa uchungu. Wako viongozi wanaolipenda neno gharama kwa sababu zao. Wanamwambia mjane atoe mpaka iume, kwamba huo ndio msalaba, na kinachotolewa kinaishia kwao. Yesu alipomtaka mtu tajiri auze alivyo navyo, alimwambia awape maskini. Hakumwambia amletee yeye. Anayekuhubiria gharama ya ufuasi huku yeye ndiye mpokeaji, muulize kwa adabu aya hiyo inasemaje.

Sasa thamani. Nimeichelewesha kwa sababu mimi mwenyewe niliiona kwa kuchelewa.

Mathayo 13:44 ni aya moja tu. Ufalme wa mbinguni umefanana na hazina iliyositirika katika shamba, mtu akaiona, akaificha, "na kwa furaha yake akaenda akauza alivyo navyo vyote, akalinunua shamba lile." Tazama furaha imekaa wapi. Imekaa kabla ya kuuza. Majirani waliomwona anatoa kitanda nje, anatoa mifugo, anatoa nguo za akiba, walidhani amechanganyikiwa, kwa kuwa wao waliona bei tu na shamba lenye magugu. Yeye alishaona kilichomo. Hakuna anayehitaji kumhimiza mtu huyo auze. Ndiyo sababu nadhani mahubiri ya gharama peke yake, hata yakiwa ya kweli kabisa, huzaa watu wenye nyuso ngumu wanaohesabu walivyopoteza, na mimi nilikuwa mmoja wao kwa miezi kadhaa. Yule tajiri wa Marko 10 alikunja uso, akaenda zake kwa huzuni, kwa sababu alikuwa na mali nyingi. Marko anasema Yesu alimkazia macho, akampenda. Hazina ilikuwa imesimama mbele yake ikimtazama, naye akaona bei.

Paulo anayasema haya kwa lugha ya watu wa kazi yangu. Katika Wafilipi 3 anapanga safu mbili, faida na hasara. Upande wa faida ana kabila, elimu, bidii, jina jema, vyote halali kabisa, hamna hata kimoja cha aibu. Kisha anavihamisha vyote kwenda upande wa pili, "kwa ajili ya uzuri usio na kiasi wa kumjua Kristo Yesu, Bwana wangu," na anaviita kwa neno ambalo tafsiri yetu ya zamani haikulionea haya: mavi. Aliandika hayo akiwa kifungoni. Kilichonigusa ni kwamba upande wa faida hakubakiza kitu chochote isipokuwa mtu mmoja. Hakuandika amani, wala heshima, wala huduma iliyokua. Aliandika kumjua Kristo.

Je, mimi nilimjua zaidi? Swali hili nimejiuliza kwa hofu, maana ni rahisi kujibu kwa maneno ya kanisani. Naweza kusema hili kwa uhakika. Kabla ya ile miezi 11 nilikuwa nasali nikiwa na orodha. Katikati yake orodha iliisha, kwa kuwa niliyoyaomba yote hayakuwa yamejibiwa na nilichoka kuyarudia, nikawa naamka alfajiri na kukaa tu, na siku fulani nikatambua kwamba sikuwa nimekaa peke yangu. Siwezi kulieleza zaidi ya hapo bila kuliharibu. Watu waliposema neno la Yesu ni gumu katika Yohana 6 na wengi wakarejea nyuma, aliwauliza Thenashara kama nao wanataka kuondoka, Petro akajibu, "Bwana! Twende kwa nani? Wewe unayo maneno ya uzima wa milele." Zamani nililisikia jibu hilo kama kauli ya shujaa. Siku hizi nalisikia kama sauti ya mtu aliyechoka, ambaye ameangalia kila upande na kugundua kwamba kweli hana pengine, na kwamba hapo alipo anapendwa.

Kuna na ile ahadi ya mara mia. Yesu alimwahidi Petro kwamba aliyeacha nyumba au ndugu au mama au mashamba kwa ajili yake atapokea mara mia "sasa wakati huu", nyumba, na ndugu, na mama, na watoto, na mashamba, "pamoja na udhia". Baadhi ya watu hulitumia kama kanuni ya kuzidisha fedha, na wanaacha maneno matatu ya mwisho. Mimi mara mia niliijua kwa funguo. Tuliposhindwa kodi, familia moja ya kikundi chetu cha maombi ilitupa vyumba viwili ndani ya nyumba yao, tukakaa miezi mitano. Watoto wao wakawa ndugu wa watoto wetu. Bibi wa nyumba ile, ambaye hakuwa na damu moja nasi, akawa mama. Usiku mwanangu alipopata homa ni yeye aliyeamka kabla yetu. Na udhia ulikuwapo. Bafu moja kwa watu tisa. Aibu ya kufungua mlango usio wako. Siku mke wangu na mama mwenye nyumba walipokosana juu ya jambo dogo la jikoni, hawakusemeshana mpaka Jumapili, kisha wakaombana msamaha wakilia. Ahadi ilitimia yote, na sehemu ile ya mwisho ikiwemo.

Nilidhani hesabu yangu imefungwa hapo. Mwaka jana simu ikaita, na namba niliijua ingawa nilikuwa nimeifuta. Alikuwa yule mwenzangu wa meza ya pili. Wakaguzi walikuwa wamefika ofisini kwao, hati za miaka kadhaa zilikuwa zimefumuliwa, na saini iliyoonekana karibu kila mahali ilikuwa yake. Walimpa muda wa kuandika maelezo. Alisema hajui aanzie wapi, hana pesa ya kumlipa mtu, na jina lililomjia ni langu. Kisha akanyamaza, nami nikanyamaza.

Nitasema ukweli wa moyo wangu wakati ule. Nilitaka kumwambia kwamba kiti kile kilikuwa na bei, na mke wangu alishailipa. Mambo ya kukataa saini yalikuwa mepesi kwangu kuliko kuinua mguu kwenda kwa mtu huyu. Kukataa kulinipa heshima mbele ya nafsi yangu. Kwenda kwake hakukunipa chochote. Nilimwambia nitampigia baadaye, nikaenda kumweleza mke wangu, nikitumaini, naomba Mungu anisamehe, kwamba atakasirika kwa niaba yangu.

Aliendelea kukunja nguo za watoto kwa muda. Alikuwa bado hajarudi shuleni. Mdogo wetu ndiyo kwanza alikuwa ameanza darasa la kwanza. Akaniuliza: "Ana watoto?" Nikasema wawili. Hakusema neno lingine.

Nilimpigia nikampa sharti moja, kwamba tutaandika yaliyotokea, jinsi yalivyotokea, na pale alipojua atasema alijua. Alikubali kwa sauti ndogo. Nimekwenda kwake jioni tatu baada ya kazi. Tunakaa na mafaili sakafuni, yeye ananisomea tarehe, mimi naandika. Jioni ya pili tuliifikia ile hati ya mistari minne. Palipokuwa na nafasi yangu paliandikwa jina lake, kwa mkono uliotetemeka kidogo. Aliniangalia. Nikamwambia asome tarehe.

Jioni ya tatu nilirudi usiku sana. Mke wangu alikuwa mezani, amefungua moja ya vitabu vyake vya zamani, kalamu sikioni.

"Mmemaliza?" akaniuliza.

"Bado. Imebaki kama theluthi."

"Basi kesho nenda mapema," akasema, akageuza ukurasa.